Gololi za Tata Kisimba

Bunduki zetu huoshwa kama sufuria. Naanza hapo kwa sababu ndipo nilipoanzia mimi, ingawa najua ninyi mnaopokea kazi ya uwanja wa shabaha mngependa nianze na kupiga. Kupiga ni sehemu ndogo. Mtu hupiga mara tano, hukohoa, husubiri moshi uondoke, kisha hukaa kitako muda mrefu akijaza upya. Jioni wote wanapokwenda nyumbani wakinuka yai viza, kuna mmoja anayebaki na beseni la maji ya moto. Mmoja huyo nilikuwa mimi. Namna nilivyopanda kutoka jikoni hadi kuwa msimamizi wa uwanja sitaisimulia, maana hata mimi sikuona cheo chenyewe kilikaa wapi. Beseni lilibaki lile lile.

Nilizaliwa Kilwa, si ile ya pwani bali ya ng'ambo ya ziwa, nikavuka kuja Nchelenge na mume wangu aliyekuwa akiuza samaki. Alipofariki nilitafuta kazi ya kupika, nikaambiwa kuna wazee wanaokutana kila Jumamosi kwenye shimo la zamani la kuchimba udongo wa matofali, nje kidogo ya Kashikishi, nao wanataka mtu wa chai na nshima, ugali wa huku. Hakuna aliyeniambia wanakutana kufanya nini. Siku ya kwanza nilikuwa nimeinama napuliza moto, nikasikia mlio mkubwa, mzito. Nilipojitambua nilikuwa tayari barabarani na mwiko mkononi. Mtu wa kwetu akisikia bunduki haulizi nani anacheza.

Kilichonirudisha ni kicheko. Niligeuka nikaona wingu jeupe la moshi, na ndani yake wazee wanafuta macho na kuchekana. Nikasogea, maana mguu wangu mmoja ni wa woga na mwingine wa umbea. Nikauliza wanapiga nini. Karatasi, wakanijibu. Nikauliza karatasi imewakosea nini. Mwenyekiti wao, Ba Mulenga, alicheka hadi akaketi, na nadhani hapo ndipo nilipoajiriwa.

Ba Mulenga alikuwa amefanya kazi migodini Copperbelt. Huko wahandisi fulani walikuwa na mchezo wa kulenga shabaha kwa bastola zilizotengenezwa upya kwa mfano wa zile za zamani sana, za kabla ya risasi za ganda. Alipostaafu alinunua za kwake, akazileta kwao Nchelenge, akaomba kibali, akawavuta wastaafu wenzake. Bastola zenyewe hulala kwenye ghala la silaha la polisi, huja Jumamosi na kurudi Jumamosi. Hayo mnayajua. Nayaandika kwa ajili ya yule atakayekuja baada yenu.

Nilitaka kujua kila kitu. Kwa nini moshi mwingi hivi? Baruti nyeusi. Kwa nini matundu ya silinda ni sita na mnajaza matano? Ili nyundo ilale juu ya tundu tupu, mtu asijipige mguu. Kwa nini mnainua mdomo wa bastola juu mnapovuta nyundo, kama mnaomba mvua? Ili vipande vya fataki, kile kikofia kidogo kinachowasha baruti, vikipasuka vidondokee nje, visiingie kwenye mashine na kuikwamisha. Siku moja waliniagiza unga wa mahindi ulio na chenga, nikadhani wanataka uji. Kumbe wengine hutia unga kidogo juu ya baruti ili gololi ikae karibu na mdomo wa tundu. Niliwapa, lakini niliona ni dhambi ndogo.

Mwalimu wangu hakuwa Ba Mulenga. Alikuwa Tata Kisimba, fundi wao, mzee wa kutoka Pweto, mrefu, mwenye ndevu nyeupe zilizoungua upande mmoja. Baba yake na babu yake walifua pupu, zile bunduki za kienyeji za kujazwa kwa mdomo ambazo wawindaji wa kwetu huzijua. Tata Kisimba alinitazama nikiosha vyombo vya chai kwa muda, kisha akaniletea bastola nzima na kuiweka kando ya vikombe. "Hii nayo iko chombo," akasema. "Mayi ya moto, sabuni. Kintu ingine hapana."

Nikafikiri ananitania. Hakuwa anatania. Masizi ya baruti nyeusi hula chuma, na hewa yetu ya ziwani huyasaidia kula. Ukiiacha bastola bila kuiosha, asubuhi utaikuta nyekundu kama udongo wa Mantapala. Basi fungua, toa silinda, toa mtutu, tumbukiza kwenye maji yanayochemka, sugua kwa brashi, kausha karibu na mbaula, jiko la makaa, paka mafuta. Yeye alikuwa akipitisha kitambaa cheupe ndani ya mtutu, anakitazama, ananinusisha. Katika miaka yote ile hakuwahi kusema "vizuri". Kitambaa kikitoka safi alikikunja na kukitia mfukoni, nami nikajua kula chakula changu kwa amani.

Kazi yake kubwa ilikuwa gololi. Bastola hizi hazili risasi za dukani. Zinakula vidonge vya mviringo vya madini laini ya risasi, navyo alivimimina mwenyewe. Risasi aliipata kwenye vizito vya nyavu zilizochakaa, huko Kabuta, na kwenye kichuguu kikubwa kinachosimama nyuma ya shabaha zetu, tulichokuwa tukikichimba na kukirudishia udongo wake. Alikwaruza kila kipande kwa ukucha. Kisichokwaruzika ni kigumu, kimechanganywa, kinarudi kwa wavuvi. Kinachokwaruzika kinaingia chunguni, kinayeyuka, kinamiminwa kwenye kalibu, na kalibu ikifunguliwa gololi inaanguka, inang'aa, na kitovu chake juu.

Gololi nzuri ni kubwa kidogo kuliko tundu. Ukiisukuma kwa wenzo inakwanguliwa pete nyembamba ya risasi, na pete hiyo ndiyo dalili kwamba imeziba. Juu yake unapaka mafuta. Mafuta yalikuwa yangu: nta ya nyuki na shahamu ya ng'ombe, nikiyakoroga mimi kwa mwiko wangu. Gololi mbaya hutokea kalibu ikiwa baridi. Inatoka na mikunjo, kama kidole kilichokaa muda mrefu kwenye maji ya kufulia. Hiyo hairekebishiki, hurudishwa chunguni. Kama ina mkunjo haizibi, na moto wa tundu moja unaweza kupenya kwenye mkunjo na kuliwasha la jirani. Matundu mawili yanalia pamoja. Uwanjani kwetu tuliita jambo hilo mapasa, yaani mapacha, na kwa miaka mingi nililijua kwa jina tu.

Klotilde alifika akiwa na baiskeli na samaki wakavu wa kutoka Puta, akipeleka Mantapala, kwenye kambi ya wakimbizi. Alisimama langoni kuuza, akabaki kutazama. Juma lililofuata akarudi bila samaki. Aliomba kujaribu, na wazee wakatazamana, maana katiba yao haikukataza wanawake kwa sababu tu hakuna aliyewahi kufikiri mwanamke angeomba. Ba Mulenga akasema basi na ajaribu. Alikuwa na mkono mtulivu ajabu. Matundu yake kwenye karatasi yalikaa karibu karibu kama vifaranga.

Mimi nilitaka kujua, kama kawaida yangu. Nilijua alivuka ziwa akikimbia, tena si mara moja. Nikamuuliza inakuwaje mtu kama yeye apende mlio huu. Hakukasirika. Alikuwa anapaka mafuta yangu kwenye silinda, tundu kwa tundu.

"Kule kwetu bunduki ilikuwa inakuya na batu bengine, mi nakimbia," akaniambia. "Hii inaningoya. Nisipoijaza, iko chuma tu. Jumamosi njo siku yangu moja yenye sikimbie."

Tangu hapo nilimpenda. Tata Kisimba alimpenda kuliko mimi. Walikuwa wa upande mmoja, lugha yao ya nyumbani moja, na watoto wa mzee walikuwa wametawanyika asijue wako wapi. Wengine walijichotea gololi kutoka kwenye bakuli lililokuwa mezani. Klotilde hakujichotea. Mzee alimchagulia mwenyewe, moja moja, akazitia kwenye mfuko wa kitambaa na kumpa. Klotilde alipokea kwa mikono miwili, akipiga goti kidogo, na kuuweka mfuko kiunoni bila kuufungua. Ndivyo tulivyolelewa. Ukipewa kitu na mkubwa huanzi kukipekua mbele yake kana kwamba unatafuta kasoro.

Mapasa ya kwanza yalimpata yeye. Nilisikia mlio usio wa kawaida, mnene, nikatoka jikoni. Alikuwa amesimama, mdomo wa bastola bado unaelekea kwenye kichuguu kama alivyofundishwa, mkono wa kushoto wa blauzi umeungua. Gololi ya pili ilikuwa imepita kando ya mtutu na kugonga chuma cha wenzo. Hakuumia. Wakasema hakupaka mafuta vizuri. Majuma machache baadaye yakampata tena, na safari hii alichubuka kidole.

Ba Mulenga si mtu mbaya, na nataka muelewe hivyo. Alituita akasema kwamba mtu akiumia hapa kibali kitaondoka, na kikiondoka hakirudi. Yanampata Klotilde peke yake, akasema, kwa hiyo kasoro iko kwake. Labda ni haraka ya mtu wa biashara. Kamati ingekaa Jumamosi ijayo. Kama chanzo hakijulikani, Klotilde ataacha kupiga.

Mimi nilikasirika kwanza kwa ajili ya mafuta yangu. Nilijaza silinda bila baruti, nikaiweka juani. Mafuta yakayeyuka, yakachuruzika. Nikafurahi, nimepata. Kisha nikakumbuka kwamba jua linawawakia wote, na mapasa ni ya mmoja. Nikamfuata Tata Kisimba nikamuuliza kuhusu baruti. Ni ya kopo moja, wote. Nikamuuliza kuhusu fataki, kama zimelegea moto unaweza kupitia nyuma. Zote ni za boksi moja, na Klotilde huzibana kuliko wengine. Unga? Nusu ya wapigaji hawautumii na hawajapata kitu. Nikamuuliza kuhusu gololi. Akaniambia gololi ni za chungu kimoja na kalibu moja, na mimi ninapotia chumvi kwenye mboga yeye haniulizi. Nikarudi jikoni.

Lakini mfuko wa Klotilde ulikuwa umebaki jikoni pamoja na blauzi niliyoahidi kuishona. Nikaumimina kwenye sahani. Nilizigeuza gololi zile moja moja. Nyingi zilikuwa nzuri. Kati yake kulikuwa na zenye mikunjo, zile zile ambazo mtoto angezitupa. Nikaenda kwenye bakuli la mezani, humo nikakuta zenye mikunjo zimejaa chini. Wengine walikuwa wakijichagulia kwa macho, wanaokota zinazong'aa na kuziacha mbaya. Mbaya zikabaki, zikaongezeka, na katika mabaki hayo ndimo mzee alimokuwa akimchagulia binti yake.

Siku iliyofuata nilikaa naye akimimina. Sikuuliza kitu, nilitazama tu. Aliinua kila gololi hadi karibu na pua, akaielekeza kwenye mwanga, kisha akaipitishia kidole gumba. Kidole kile kilikuwa kimeshika vyuma vya moto tangu utoto. Kilikuwa kigumu kama kwato, hakihisi mkunjo wa gololi wala wa kitu kingine. Nilipompa chai, mkono wake ulikipapasa kikombe kabla ya kukishika. Katika mboni zake kulikuwa na weupe. Nilikuwa nimemtazama mtu huyu kila Jumamosi na sikuwa nimeuona.

Nikampelekea Klotilde mfuko wake. Alizitazama gololi, akazirudisha polepole, akaniomba nisiseme. Angezitupa ziwani na kujazia nyingine, mzee asijue. Nikamwambia kamati inakaa Jumamosi, na bila chanzo yeye ndiye atakayetoka. Pia kesho mzee atamchagulia mgeni mwingine.

"Acha baseme ni miye," akasema. "Nilishaacha mambo mingi nyuma, Mama Odila. Jumamosi nayo naweza kuacha. Yee akiacha kalibu, atabakia na nini?"

Niliuchukua tena mfuko, na juma lile sikulala vizuri. Niliogopa kusema, niliogopa kunyamaza. Mtu anadhani udadisi ni mali, hadi siku anapojua jambo ambalo hataki kulijua.

Jumamosi tulikaa chini ya paa la nyasi, pale mnapojazia sasa. Ba Mulenga alizungumza Kibemba kwa upole, akimwita Klotilde mwanangu, akauliza kama ana la kusema. Klotilde alisimama akasema ni yeye, ana haraka, anajaza ovyo, wamsamehe. Wazee wakainamisha vichwa. Mfuko ulikuwa kwenye aproni yangu. Niliushika kwa nguvu, nikauacha humo humo.

Tata Kisimba alikuwa ameketi nyuma, kalibu yake imefungwa kwenye gunia magotini. Aliita jina langu.

"Mama Odila. Weye mutu ya kuuliza kila kintu. Uliniuliza baruti, uliniuliza fataki. Gololi uliniuliza mara moja tu, ukaacha. Juu ya nini uliacha?"

Nikamwambia ukweli, kwamba ninaogopa. Akatikisa kichwa, kana kwamba hilo ndilo jibu alilolitaka. Akaomba sinia la bati la chai na kitambaa, akaomba mfuko wa Klotilde, nikautoa, naye akataka vyote apewe Klotilde mwenyewe. Gololi nzuri aweke kwenye kitambaa, mbaya aweke kwenye sinia. Klotilde akapiga magoti. Akasema hapana, Tata, hawezi.

"Pekua mbele yangu," mzee akasema. "Miye njo naomba."

Akapekua. Machozi yalikuwa yanamwangukia mikononi, naye anageuza gololi moja baada ya nyingine. Nzuri zilishuka kwenye kitambaa kimya. Mbaya zililia kwenye bati. Tata Kisimba alikuwa amegeuza sikio, na kila bati lilipolia alifumba macho yasiyomsaidia kitu. Mfuko ulipokwisha mzee alimgeukia Klotilde.

"Bale bengine banajichagulia bo benyewe," akasema. "Nilikuwa nachagulia weye tu."

Klotilde hakutolewa. Ba Mulenga alisimama, akavua kofia, akaenda kuketi chini kando ya mzee, na kikao kikaisha hivyo bila mtu kukifunga. Tata Kisimba alifungua gunia, akampa Klotilde kalibu. Alipokea kwa mikono miwili, kisha akaifungua mbele yake, akaitazama ndani pande zote mbili, akaifunga. Mzee alisikia bawaba ikilia, akacheka kidogo. Tangu hapo alikaa karibu na chungu chake akimwambia lini kalibu imepata moto. Hilo alilijua kwa sauti ya risasi ikiingia. Amezikwa Kashikishi. Klotilde bado anamimina, mnamjua, na mikunjo haijaonekana tena mezani petu.

Mimi nimeacha kazi. Mambo mengine mtajifunza wenyewe: msitumie mafuta ya dukani kwenye silinda, msimwamini mtu anayesema ameshaosha. Juzi niliwapa brashi zangu, beseni, na kopo la mafuta niliyokoroga kwa mara ya mwisho, mkavipokea kwa adabu, kwa mikono miwili, mkaviweka bila kuvitazama. Wazazi wenu waliwalea vizuri, waambieni nimesema hivyo. Sasa vitoeni mvipekue, nikiwa bado nimekaa hapa na chai yangu. Macho yangu nayo yameanza kuchoka. Mkikuta kibaya, kitupeni kwenye sinia nisikie.